Mbuzi wa Kukodi

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza kabla mapazia ya harusi ya Jumamosi hayajakauka. Nimeyaanika ndani, juu ya kitanda na juu ya meza, na binti yangu Kanyiva anapita chini yake ameinama kama anaingia banda la kuku. Aliyejenga hizi nyumba za Kaloleni hakumfikiria mwanamke wa mapambo.

Triza wa mlango wa pili aliingia kuomba chumvi, akakaa mpaka chai ikaisha. Anasimamia kurasa za mtandaoni za maduka kule Buruburu, yaani analipwa kwa kushika simu, kazi ambayo marehemu mama yangu angeiita uvivu. Alitazama mapazia, akatazama picha kwenye simu yangu, akatikisa kichwa.

"Mama Kanyiva, kazi yako ni noma, lakini online hauko. Na kama hauko online, hauko."

"Niko Kaloleni."

"Ndio hiyo shida."

Tumekubaliana atanitengenezea ukurasa wa kazi, nami nitapamba sherehe ya dada yake bila malipo. Chumvi amesahau kuichukua.

Jumatano, 12 Machi

Somo la kwanza. Ukurasa wa kazi si ule wangu wa Facebook wenye Kanyiva na mistari ya Biblia. Huu unataka jina moja, rangi zisizobadilika, maneno mafupi ya kujieleza, na picha ya juu ambayo mtu akiiona mara moja anajua wewe ni nani na unafanya nini. Triza anaiita brand. Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa jina, na mtu hupewa na majirani. Akasema majirani siku hizi wako ndani ya simu.

Rangi nimechagua nyeupe na ile nyekundu ya udongo wa kwetu Mwala. Shida ni picha. Harusi za kanisani ninazo nyingi, lakini kila mpambaji wa Nairobi anazo. Triza anataka kitu ambacho ni changu. Nikamwambia ninachokijua kuliko wengine ni ntheo, ile siku mwanamume wa Kikamba anapoleta mbuzi kwa baba wa msichana, mmoja anachinjwa, wazee wa pande zote mbili wanakula pamoja, na kuanzia hapo yule ni mke wa mtu. Bila mbuzi hao, hata mkae miaka na mzae timu ya mpira, kwa wazee wewe ni mgeni tu katika nyumba ya mwanamume.

"Basi weka picha za ntheo yako," Triza akasema.

Nikamwambia vitambaa vinanuka unyevu, nikaenda kufungua dirisha.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua kutwa. Mteja mmoja amepiga simu, akauliza bei, akasema atanirudia. Hao wa kunirudia nawajua.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa nimemweleza Muoki, baba yake Kanyiva, habari ya ukurasa. Amefurahi kuliko nilivyotarajia. Yeye ni dereva wa pikapu ya duka la mbao na mabati, na wikendi mwenye duka humwachia gari, ndilo hubeba hema na viti vyangu. Akasema kazi hii ni yetu wawili, kwa hiyo ukurasa uitwe Muoki na Wavinya. Triza, aliyekuwa amekaa nasi, akapiga makofi. Anasema mume na mke wanauza kuliko mtu mmoja, watu wanapenda mapenzi.

Mimi ndiye niliyesema basi tuigize ntheo tupige picha. Nilisema kwa mzaha, lakini nilikuwa namwangalia Muoki machoni. Tangu Kanyiva azaliwe nimeuliza habari ya mbuzi mpaka nimechoka kujisikia. Mwaka huu. Mwaka ujao. Mama mgonjwa. Mvua nyingi. Kiangazi kikali. Mtoto tumempa jina la mama yake Muoki kama inavyopaswa, na bado mbuzi hawajatoka.

Muoki akacheka, akasema, "Sawa, Wavi. Tuigize."

Nilifurahi. Nilijua ni mchezo na bado nilifurahi mpaka nikaunguza maharagwe.

Jumamosi, 22 Machi

Leo jua limetoka kana kwamba limekodiwa pamoja na mbuzi.

Mbuzi tumewatoa Kiamaiko kwa mfanyabiashara anayeitwa Awale. Alidhani tunanunua. Muoki alipomweleza kwamba tunawataka wa kupiga picha tu, warudi kabla ya jioni, Awale alicheka mpaka akashika ukuta. "Mbuzi wangu wote wanaenda kuliwa," akasema. "Hawa ndio wa kwanza kwenda kuoza bibi." Alituchagulia watatu wasafi na kutuonya tusiwalishe maua.

Tulijenga hema kwenye uwanja karibu na ukumbi wa Kaloleni. Nilitandika vitambaa vyangu, nikapanga vibuyu na viondo, vigoda mbele, nyekundu na nyeupe mwanzo hadi mwisho. Nitajisifu kwa sababu hakuna mwingine hapa wa kunisifu: palipendeza. Ila hatukuwa na baba. Triza akamleta Javan, fundi wa viatu wa pale kona, Mluhya wa Kakamega asiyejua hata neno moja la Kikamba. Tukamvisha kofia na koti, tukamkalisha kwenye kiti cha baba wa bibi arusi, na akakaa kwa heshima nyingi kiasi kwamba wapita njia walimwamkia.

Kanyiva alitoroka kwa jirani akaja mbio kunikumbatia katikati ya picha. Nilimwinua. Muoki akasema, "Mtoe huyo, Wavi. Bibi arusi hana mtoto." Triza naye akakubali kwamba haitakaa vizuri. Wamemrudisha kwa jirani analia. Nilitengeneza tena leso yangu na tukaendelea.

Kuna mahali Muoki alitakiwa kushika kamba ya mbuzi wa mbele na kunitazama. Alinitazama. Akaninong'oneza, "Unapendeza, bibi yangu," na Triza hakuwa amemwambia aseme hivyo, wala maneno hayaingii kwenye picha. Mpaka sasa ninapoandika hapa najiambia mtu haigizi kitu ambacho hakisikiki.

Jumatatu, 24 Machi

Ukurasa umefunguliwa. Picha ya juu: mimi, Muoki, mbuzi, na Javan nyuma akiwa mzee wetu. Maneno ya kujieleza ameyaandika Triza: "Sisi ni Muoki na Wavinya, mume na mke. Tunaipamba siku yenu kwa sababu tunaikumbuka yetu."

Nikamwambia ya kwetu haijafika bado.

"Itafika. Hii ni brand, Mama Kanyiva, si kiapo."

Nimebonyeza mwenyewe. Hakuna aliyenishika kidole.

Jumatano, 26 Machi

Watu wameipenda hiyo picha kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Wananiandikia hongera watu nisiowajua. Bibi mmoja wa Buruburu anataka ntheo ya binti yake iwe hivyo hivyo. Muoki amesoma maoni yote akiwa amelala, akinisomea mazuri kwa sauti.

Ijumaa, 28 Machi

Baba amepiga simu. Yeye hupiga Jumapili tu, kwa hiyo nilipoona jina lake nilidhani kuna msiba.

"Wavinya, nimepewa hongera sokoni," akasema. "Nimezipokea, kisha nikauliza ni za nini. Kijana mmoja akanionyesha simu."

Sikuwa nimefikiria kwamba picha ya Kaloleni itafika Mwala kabla ya basi. Nikamweleza: ni picha za kazi, ni za kutafuta wateja, watu wa mtandao hufanya hivyo.

"Mbuzi ni wa kazi?"

"Ndiyo, Baba. Tuliwakodi."

"Na Muoki ni wa kazi?"

Nikaanza kukunja pazia lililokuwa karibu.

"Na yule mzee mwenye kofia, aliyekaa mahali pangu?"

"Ni Javan. Ni jirani, anashona viatu."

"Amekaa vizuri," Baba akasema, na nilimsikia anatafuta sauti. "Ndugu yangu Matheka amekuja hapa asubuhi na mapema. Anasema nimekula mbuzi wa ntheo Nairobi kwa siri, sikumwita yeye wala mtu wa ukoo. Ameapa kwamba nilijua kila kitu. Nimemwambia sijaonja hata supu. Hajaniamini, kwa sababu picha ameiona kwa macho yake."

Nililia hapo hapo nikiwa nimesimama kati ya mapazia. Nikamwambia nitaitoa picha.

"Ukiitoa watasema tunaficha. Neno likishatoka halirudi mdomoni. Mambo ya wazee hayaigizwi, mwiitu, binti yangu. Sasa yametajwa mbele za watu. Mwambie Muoki alete wa kweli, na maneno yataisha."

Kunigombeza hakunigombeza, na hilo ndilo linaniuma.

Jumamosi, 29 Machi

Nimemwambia Muoki yote. Alikula, akanawa mikono, akasema, "Pasaka. Jumamosi ya Pasaka kila mtu huwa nyumbani. Mwambie mzee tunakuja."

Nilipiga kelele mpaka Triza akagonga ukuta kuuliza kama tunapigana.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kazi mbili zimeingia kupitia ukurasa. Baba amemwambia Matheka, na Matheka ameanza kuongea naye tena.

Jumatatu, 7 Aprili

Muoki amekuwa mpole mpaka naogopa kumuuliza chochote nisije nikamharibu. Amemnunulia Kanyiva viatu vya mvua. Akipigiwa simu anatoka nje kuongea, hata kama mvua inanyesha, anasimama chini ya kile kipaa cha bafu na kurudi amelowa mabega. Nadhani anatafuta mbuzi wazuri na hataki nijue bei.

Nilikuwa namwona mtu mvivu wa ahadi. Sasa naona nilikuwa na haraka. Mtu huiva kwa wakati wake.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumepamba harusi Donholm. Hema limevuja upande mmoja, tukahamisha keki mbio.

Jumatano, 16 Aprili

Ninatangulia nyumbani kesho na Kanyiva. Muoki atakuja Jumamosi na mama yake, mjomba wake na mbuzi kwa pikapu. Nimebeba vitambaa vyangu vyeupe na vyekundu, vilivyo bora kuliko vyote. Triza amenikumbatia mlangoni akaniambia nipige picha nyingi, safari hii tubadilishe ya juu tuweke ya ukweli.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Niko kwa Baba. Kanyiva amelala mchana. Nitaandika, nisipoandika nitapasuka.

Ijumaa nilipamba boma letu mwenyewe. Baba alinifuata kila nilipokwenda akinishikia nyundo, akiuliza kitambaa hiki ni cha nini na kile ni cha nini, naye si mtu wa kuuliza. Alinyoa ndevu. Alitoa kiti chake nje akakipangusa mara nyingi kuliko kilivyohitaji. Shangazi zangu walitwanga, wakakuna, wakapika kwa sufuria za kanisa.

Jumamosi mvua ilitupa nafasi. Wazee walianza kufika asubuhi, Matheka wa kwanza, amevaa suti. Walisalimiana, wakakaa, wakaongea habari ya mahindi. Nilikuwa ndani na shangazi zangu wakinifunga leso na kunitania kwamba mimi ndiye bibi arusi wa kwanza kuja na mtoto anayejua kusoma. Nilicheka. Nilipiga simu ya Muoki, ikaita, haikupokelewa. Nikasema anaendesha gari.

Mchana nikapiga tena, imezimwa. Nikasema ni mtandao, njia ile ina mabonde. Shangazi mmoja akatoka kwenda barabarani kutazama. Akarudi, akatoka mwingine. Wazee wakamaliza habari ya mahindi wakaingia siasa. Moto ulikuwa umewashwa na maji ya kazi ya mbuzi yanachemka, yanapungua, yanaongezwa mengine. Kila gari lililosikika wote waliinua vichwa.

Mimi nilimtazama Baba kupitia dirishani. Alikaa kwenye kiti chake mikono juu ya magoti, anatazama mlango wa boma, na kwa muda mrefu hakugeuza kichwa.

Jua lilipoanza kushuka Matheka akamwambia Baba, si kwa ubaya, "Musau, wageni wako tuwatarajie au tuwasamehe?"

Baba akainuka. Alikwenda zizini mwenyewe, akatoka na beberu wake, yule aliyekuwa amemlea kwa ajili ya karo ya mdogo wangu, akamkabidhi kijana wa Matheka kisu.

"Huyu ni mbuzi wa nini sasa?" Matheka akauliza.

"Ni wa njaa," Baba akasema. "Nimewaita watu kula. Watakula."

Wakala chini ya vitambaa vyangu. Walikula taratibu, wakasifu nyama, na hakuna aliyenitaja. Watu wa kwetu wana adabu na nilitamani wasingekuwa nayo, nilitamani mmoja atukane ili nami nipate wa kumjibu. Baba alipewa nyama akaishika mkononi mpaka wageni walipoaga.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Bado nilikuwa na matumaini, ndivyo nilivyo mjinga. Nilifikiria ajali. Mungu anisamehe, niliomba iwe ajali, ndogo, ya kuvunja gari tu.

Jana baada ya ibada nikafungua ukurasa kuangalia kama labda ameandika kitu huko. Chini ya picha ya juu kulikuwa na maoni ya mtu anayeitwa Mutisya, wa Makueni. Nayajua kwa moyo: "Muoki shemeji yangu, hongera kwa biashara. Dada yetu Kasiva anauliza, wale mbuzi uliotuletea Krismasi nao walikuwa wa picha?"

Nilisoma hivyo nikiwa nje ya kanisa, watu wakinipa mkono wa Pasaka njema. Krismasi. Alituaga siku chache kabla ya sikukuu, akasema mama yake amezidiwa, na mimi nilimfungia maandazi ya kumpelekea.

Nilimwonyesha Baba simu kwa sababu sikuweza kusema. Hana miwani ya kusomea, ikabidi nimsomee. Aliniacha nimalize. Halafu akasema, "Na mimi nilizipokea hongera." Akasema tena, polepole, "Pale sokoni. Mwanzoni nilizipokea, Wavinya, kabla sijauliza. Nilifurahi." Akaingia ndani. Sijawahi kumwona baba yangu akilia na jana pia sikumwona, lakini nilimsikia.

Nilidhani moyo kuvunjika ni maneno ya nyimbo. Ni kitu cha mwili kabisa, kifua kinauma mtu akipumua.

Jumatano, 23 Aprili

Tumerudi Kaloleni jana. Muoki alikuja jioni ya jana kabla giza halijaingia. Sikufunga mlango. Nilitaka kusikia.

Alisimama katikati ya nyumba. Kanyiva alimrukia, naye akamkabidhi kwa Triza aliyekuwa mlangoni, kisha akaanza kutoa mashati yake kwenye ile kamba yangu ya mapazia.

"Uliwapeleka Krismasi?" nikamuuliza.

"Mama ndiye alitaka. Kasiva ni wa kanisa lao, familia zinajuana kitambo. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Na Pasaka? Baba yangu alikaa nje siku nzima, Muoki. Wazee walikaa."

"Nilikuwa nakuja. Wallahi nilikuwa nakuja, Wavi, nilikuwa hata nimeongea na mtu wa mbuzi. Mama akasema nikikanyaga huko, yeye nisimwite mama." Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Na wewe kwani umekosa nini? Si nyumba uko nayo? Si kazi nimekusaidia? Haya mambo ya mbuzi ni ya wazee huko."

"Kanyiva ana jina la mama yako."

"Mama anajua," akasema.

Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimejiambia labda yule mama hajui, labda akimwona mtoto mwenye jina lake atalainika. Kumbe anajua. Ana jina lake likitembea Kaloleni na viatu vya mvua, na anajua, na anakula mbuzi wa Makueni.

Sikupiga kelele. Majirani walikuwa wamezima redio zao wanisikilize na sikuwapa. Muoki alipofika mlangoni akageuka, nikadhani atasema pole. Moyo wangu huu usiokoma kuaibika ukaruka.

"Ile picha," akasema. "Toa uso wangu. Kwa kina Kasiva wameudhika."

Ndicho alichokuja kuchukua: mashati na uso.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua. Sikwenda popote.

Jumatatu, 28 Aprili

Javan wa viatu amekuja, akasimama mlangoni ameshika kofia ileile, hataki kuingia. "Mama Kanyiva," akasema, "mimi nilidhani ni mchezo wa picha. Kwetu pia mtu hakai kwenye kiti cha baba wa watu. Ningejua kuna mzee anangoja, nisingekaa." Nikamwambia hana kosa. Akasema anajua, lakini amekuja hivyo hivyo. Ametengeneza viatu vyangu vya kazi akakataa malipo.

Jumamosi, 3 Mei

Triza ameketi nami tukalitazama jambo la ukurasa. Jina sasa ni Wavinya peke yake. "Mume na mke" nimelifuta, na "tunaikumbuka yetu" nimelifuta kwa kidole kilekile. Maoni ya Mutisya Triza ameyaficha. Lakini picha amenisihi nisiitoe.

"Nisikize kwanza. Wateja wote wanaingilia hapo. Ukiitoa sahii, ukurasa unakufa. Nitamkata yeye, wewe ubaki na mbuzi."

"Nibaki na mbuzi nisioletewa."

"Mtoto atakula nini, Mama Kanyiva?"

Nikamwambia akate. Amemkata. Umebaki mkono wake tu umeshika kamba, kwa sababu kamba ingekatika na mbuzi wangeonekana wanaelea. Nimeukubali. Njaa haina haya.

Alhamisi, 8 Mei

Kanyiva ameuliza baba yake atarudi lini. Nimesema sijui. Ni kweli, sijui nimwambie nini.

Jumatano, 14 Mei

Kazi tatu mwezi huu. Nabebewa mizigo na Willis, mwenye lori dogo la kukodi, mtu wa maneno machache, Mungu ambariki. Wateja wanapiga simu wananiita "mama wa ile picha". Wanataka vigoda vile, vibuyu vile, tabasamu lile. Mmoja ameniuliza siri ya ndoa yenye furaha. Nimemwambia rangi mbili tu, usizidishe.

Jumapili, 25 Mei

Mvua inapungua. Nimekutana na kina mama wa kanisani wakinyamaza nilipofika. Nimewasalimia kwa jina mmoja mmoja ili wajue nimewaona.

Jumapili, 1 Juni

Jana nilipamba ntheo ya kweli kule Masii, kwa familia iliyonipata mtandaoni. Tulifika mapema na Willis. Boma safi, kuta zimepakwa rangi mpya, baba wa msichana anazunguka hajui aweke wapi mikono. Nilifanya kazi vizuri. Huzuni yangu haijaingia mikononi bado, nashukuru.

Kabla ya mchana tukasikia magari barabarani, na nyimbo. Wamefika. Wanawake wa boma wakakusanyika kwenda kuwapokea mlangoni, wakijipanga, wakivuta leso, na shangazi wa bibi arusi, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akaniona nimesimama kando ya nguzo ya hema. Akanishika mkono.

"Na wewe twende! Nimekuona kwa simu na mbuzi zako. Ulipendeza wewe! Twende tuwapokee, sisi tulioletewa."

Alikuwa ananivuta tayari. Ningeenda, ningeimba, na hakuna ambaye angejua. Nilienda hatua kadhaa.

"Shangazi," nikasema, "wale tuliwakodi. Walikuwa wa kupiga picha."

Akacheka, bado anatembea. "Haya, na wa kweli walikuwa wangapi?"

"Sikuletewa."

Akasimama. Alinitazama uso mzima, na nikaona anatafuta la kuniambia, ni mama mzuri, angelipata kama angekuwa na muda. Lakini nyimbo zilikuwa zimefika mlangoni na wenzake walikuwa wanamwita kwa jina. Akaniachia mkono. Hakuniachia kwa ubaya, aliuweka chini kwanza, kando ya mwili wangu, kama mtu anavyorudisha kitu cha wenyewe. Kisha akakimbia na wenzake.

Nilirudi kwenye nguzo yangu nikaishika. Wanawake walipiga vigelegele boma zima likajaa, na chini ya vigelegele hivyo nililia kwa sauti, nilivyokuwa sijalia tangu Pasaka, nikijua hakuna anayeweza kunisikia.

Halafu nikajifuta uso na leso ya kazi, nikatoa simu. Mbuzi walikuwa wanaingia na ilikuwa ni lazima nipige picha.

Jumatatu, 2 Juni

Nimebadilisha picha ya juu bila kumuuliza Triza. Ile ya zamani nimeifuta, na ule mkono. Nimeweka ya juzi: yule msichana wa Masii amesimama na baba yake, mbuzi wanapita mbele yao, na baba amemshika bega. Vitambaa vyangu viko nyuma, havionekani sana.

Wameanza kuandika. Wengi wanasema huyu bibi arusi ana furaha ya kweli, mtu hawezi kuigiza hiyo. Nimemjibu kila mmoja. Nimewaambia asante, ni kweli, hawezi.